Nilipoacha Kupaka Krimu ya Jirani

Mwaka nilipomaliza kidato cha nne, chunusi zilikuwa zimenijaa kuanzia kwenye paji la uso hadi chini ya kidevu. Joto la Kyela ni la unyevunyevu, jasho halikauki, na mimi nilikuwa na tabia ya kujifungia chumbani nikaziminya, kisha nikajipaka mafuta mazito kuficha alama. Zikazidi. Kanisani niliimba mstari wa nyuma, kitambaa nimekishusha mpaka kwenye nyusi.

Jirani yetu pale Mbugani aliuza vipodozi. Alikuwa rafiki wa mama, nikamwita mama mdogo. Siku moja alinipa kikopo cheupe kisicho na maandishi.

"Nimeichanganya mwenyewe," akasema. "Paka asubuhi na jioni, utanishukuru."

Nilimshukuru kweli. Chunusi zilinywea, uso ukang'aa, watu wakanisifu. Nilipaka miezi mingi. Hofu ilianza nilipoona mishipa midogo myekundu mashavuni, na uso ukawa unawaka kila nikisogelea moto wa jikoni. Nikaacha, bila kumwambia mtu.

Haikupita wiki, niliamka kope zimegandana. Nilipopapasa shavu, nilihisi kama nashika shavu la mtu mwingine: limevimba, lina vipele vya usaha, linatoka maji. Nikamwita mama kwa kelele. Alikuwa uani akianika mpunga. Nilisikia miguu yake ikikimbia, halafu ikasimama mlangoni.

"Mwanangu, umejipaka nini?"

Sauti yake ilitetemeka. Huyu ndiye mama aliyeua nyoka kwenye shamba la kakao kwa mpini wa jembe na kuendelea kupalilia. Nikajua nimekwisha. Nitakuwa kipofu.

Tulipanda bajaji kwenda hospitali, nimejifunika khanga uso mzima, kikopo cha jirani mkononi mwa mama. Njiani watu walimsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama!" naye hakujibu hata mmoja. Kwetu mtu haachi salamu ipite hivihivi. Ukimya wake ulinitia hofu kuliko maumivu.

Daktari, dada wa makamo, alinifuta kope kwa pamba yenye maji mpaka zikafunguka kidogo, kisha akakigeuzageuza kile kikopo. "Hakina jina, hakina tarehe ya kuisha muda. Inaelekea kuna dawa kali humu. Ngozi huizoea, na ukiiacha ghafla inalipuka hivi."

"Na macho yangu?"

"Macho ni mazima. Kope ndizo zimevimba."

Sikumwamini. Alinipa vidonge, akanieleza taratibu: ninawe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, nisisugue, nisiminye. Nipake mafuta mepesi, na mchana losheni ya kukinga jua. Dawa ya chunusi ingesubiri mpaka ngozi itulie.

"Na alama, daktari?"

"Nyingine zitabaki."

Jioni ile jirani alikuja kunijulia hali na kichane cha ndizi. Mama alikuwa na maneno yake tayari, niliyaona mdomoni. Lakini jirani aliponitazama, ndizi zilimponyoka, akakaa chini sakafuni.

"Binti yangu anapaka hiyohiyo," akasema. "Nilimwanzishia mwenyewe."

Mama akameza maneno yake. Akachukua khanga. "Inuka. Twende tukamwone."

Kesho yake binti yule alikaa kando yangu kwenye benchi la hospitali. Uso wake ulikuwa laini, unapendeza, na alinitazama kama mtu anayeonyeshwa kaburi lake. Daktari alimwambia asiache kwa mkupuo. Angepunguziwa kidogo kidogo, akija kuangaliwa. Hata hivyo uso wake ulivimba, ila haukufikia wangu.

Kila asubuhi alikuja kwetu tukanawa uso pamoja. Tuliogopa kioo, kwa hiyo tulitazamana sisi kwa sisi.

"Dada, leo nikoje?"

"Afadhali ya jana," nilimjibu, hata siku ambazo haikuwa kweli. Naye alinidanganya vivyo hivyo.

Ilichukua karibu mwaka mzima ngozi zetu kutulia. Mama yake aliacha kuchanganya krimu, akaanza kuuza mchele. Mimi nina makovu mawili shavuni. Na mpaka leo, asubuhi nikiamka, hugusa kope kwa kidole kwanza, na kuhakikisha ziko kavu, ndipo ninathubutu kufungua macho.