Siku Tuliyovua Viatu Kilwa Kisiwani

Siku yangu ya kwanza kazini, shule ya Mtua wilayani Nachingwea, Mkuu wa Shule alinikabidhi boksi la chaki na ramani ya Afrika iliyochanika pembeni. "Mwalimu Sekela, utashika Historia," alisema. "Zana nyingine utajitengenezea." Nilikuwa nimetoka Mbeya, Kimwera sijui hata salamu.

Enzi zetu hukuingia darasani bila andalio la somo, yaani karatasi inayoonyesha utafundisha nini na kwa zana gani. Kwenye zana niliandika "picha kitabuni" miaka yote niliyokuwa Mtua, hadi nikahamishiwa Likunja, wilaya ya Ruangwa. Huko nikachoka na picha. Niliomba kuwapeleka Kidato cha Pili Kilwa Kisiwani, wauone msikiti mkuu wa kale.

Mkuu wa Likunja, mtu wa maneno machache, alikubali. "Ila Mzee Hashimu akikataa, safari imekufa."

Mzee Hashimu alikuwa mkulima wa korosho na mwalimu wa madrasa. Wazazi wengine walimsikiliza yeye. Binti yake, Zuhura, nilikuwa namfundisha. Nilimkuta shambani akipalilia.

"Mwalimu, msikiti si mahali pa kwenda kupiga picha na kula biskuti," alisema.

"Basi twende wote, mzee wangu. Mimi niwafundishe historia, wewe uwafundishe adabu."

Alipalilia kwanza mpaka chini ya mkorosho wa pili. "Nitakuja. Wakileta mchezo, tunarudi."

Basi lilitufikisha Kilwa Masoko, boti ikatuvusha. Wengi hawakuwahi kuiona bahari. Zuhura aling'ang'ania kanzu ya baba yake njia nzima.

Msikitini, mwongoza wageni alianza kutueleza matumbawe, yale mawe ya baharini waliyojengea, na jinsi walivyochoma chokaa. Mzee Hashimu alisimama mlangoni, akainama kuvua makubazi.

"Ingia navyo tu, mzee," kijana mwongoza wageni alimwambia. "Siku hizi hapasaliwi."

"Nani kakwambia umeacha kuwa msikiti?"

Kijana yule akavua vyake. Wanafunzi wakavua, nami Mlutheri nikavua. Sakafu ilichoma nyayo, lakini hakuna aliyepiga kelele. Zuhura aligusa nguzo.

"Madamu, mawe yote haya walibeba akina nani?"

Kitabu changu kilitaja masultani na wafanyabiashara tu. "Sijui, Zuhura."

"Mwalimu hajui, na mimi sijui," baba yake alisema. "Soma wewe, uje utuambie."

Nimestaafu sasa, nalima mihogo Mnero. Walimu vijana huniuliza safari ile ilikuwa na faida gani, maana mtihani haukugusa Kilwa hata kidogo. Nawaambia kilichotokea mwisho wa mwaka ule. Mzee Hashimu alikuja ofisini, amevaa kanzu safi, akakataa kiti.

"Mwalimu, wamekuja watu kumposa Zuhura."

"Umewajibuje, mzee?"

"Nimewaambia warudi kwao. Yule mtoto nimempa kazi, na hajaimaliza."