Neno Moja Katika Daftari la Matukio

Wesley Mutai alifundisha Kiingereza miaka sita karibu na Kapsabet kabla ya kuja Doha, Qatar, kuwa mlinzi. Katika kambi ya walinzi, mtaa wa Industrial Area, yeye ndiye aliyewaandikia wenzake ripoti. Walimwita Mwalimu.

Mwezi wa pili mlinzi mwenzake, Harun Wafula, aliteleza kwenye ngazi za ghala moja la mtaa wa Abu Hamour, akaangukia ubavu. Aliinuka, akajipangusa vumbi.

"Mwalimu, andika niko fiti."

"Twende kliniki kwanza."

"Ndio waseme sifai kazi, nipandishwe ndege? Andika, bwana. Na utumie kile Kiingereza chako cha kuvaa tai."

Ndiyo desturi yao: aliyeumia hukana, na mwenzake huandika alivyoambiwa. Katika daftari la matukio Mutai aliandika "unscathed", yaani hakudhurika hata kidogo. Msimamizi wao, Mganda aitwaye Joram, alilisifu neno hilo.

Siku ya tatu, baada ya kuguna usiku kucha akishika ubavu, Harun alifia kitandani. Daktari alisema wengu ulikuwa umepasuka. Kampuni ilishikilia kwamba hakuumia kazini, kwa kuwa ripoti ilisema hivyo. Loice, mkewe, alipiga simu kutoka Bungoma.

"Shemeji, wewe ulikuwa naye. Watoto niwaambie baba yao aliuawa na nini?"

Mutai alirudi kwenye neno lake, kama mtu anayerudia njia akitafuta alichoangusha. Shina lake ni "scathe", neno la kale la madhara. Watu wa kaskazini waliovuka bahari na kuhamia Uingereza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walikuja nalo. Wajerumani wana neno ndugu yake hadi leo. Katika Kiingereza cha kale, neno la ukoo huohuo lilimtaja pia mtenda madhara: adui, mwizi. Siku hizi shina hilo ni nadra kusikika peke yake. Hutajwa zaidi pale mtu anaposema hakuna aliyedhurika.

"Madhara yamesahaulika, kumebaki kukana," alimwambia Joram alipokwenda kuomba daftari la matukio. "Na mimi nilikana kwa kalamu."

Kanuni hairuhusu kufuta. Mtu huongeza mstari chini yake na kutia sahihi.

"Ssebo, bwana wangu, ukiandika hapo, wewe ndiye utakayeondoka," Joram alionya, lakini alimsukumia daftari.

Mutai hakutafuta neno zuri. Aliandika kwamba Harun alianguka kazini, kwamba aliumia, na kwamba yeye hakumpeleka kliniki. Aliupiga picha mstari huo, akamtumia Loice.

Wiki mbili baadaye mkataba wake ulikatizwa. Kampuni ilikuwa bado haijamjibu mjane. Mutai alikuwa akifunga sanduku, kitanda cha Harun kimeshapata mtu mwingine, simu yake ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa Loice.

"Zile siku tatu, alisikia uchungu?"

Mutai aliandika "hapana". Akaifuta, akaandika "ndiyo".