Aliambiwa Afunge Maji, Akajenga Uzio

Saa kumi na mbili asubuhi, chini ya kilima cha Naguru, Kaltumi Muhamadi yuko ndani ya mfereji na viatu vyake vya mpira, anakwangua ukoga kwa koleo. Chemchemi inamwaga maji maangavu. Lango lina kufuli, na wanaokuja na madumu anawarudisha.

Mama huyu wa miaka hamsini na nne ameitunza chemchemi hii miaka kumi na moja bila mshahara, kwa ajili ya kaya sabini. Kazi anaijua. Kinachomvuruga akili ni neno moja.

Baada ya mvua kubwa za mwezi uliopita, afisa wa maji aitwaye Okidi alichukua maji kwenye chupa kwenda kuyapima. Aliporudi alimwambia kwa Kiswahili chake cha kambi za askari: "Mama, hii maji funga."

Kaltumi akafunga. Aliwakusanya majirani, wakakata miti, wakazungusha uzio ili mbuzi wasikanyage tena. Kazi safi kabisa. Watu wakaendelea kuchota.

Wiki tatu baadaye Okidi akakuta foleni ya madumu ndani ya uzio.

"Nilisema funga, si funga," akalalamika.

"Sasa funga na funga iko tofauti gani?" Kaltumi alimuuliza, na mpaka leo anauliza.

Okidi alitaka watu waache kunywa, kwa sababu maji yalikutwa na vijidudu vya kinyesi. Siku hiyo ndipo lango likatiwa kufuli. Katika wiki hizo tatu mjukuu wa Kaltumi, Ayesha, aliharisha siku nne. Labda ni maji, labda ni maembe mabichi. Bibi hajui, na kutojua kunamuuma.

"Maji unaiona inang'aa. Karatasi ya Okidi inasema iko na mavi. Mi nashika ipi?"

Okidi alimweleza kwamba vyoo vya shimo huko juu huvuja chini kwa chini hadi kwenye mkondo. Wakapanda wote wawili na futi ya kupimia, Kaltumi akiwa tayari kumlaumu jirani yake Hasifa, mwenye wapangaji wengi. Choo cha Hasifa kilikuwa mita arobaini na tano kutoka kwenye chemchemi. Cha Kaltumi mwenyewe, mita kumi na nane.

"Kila siku nafagia hapa chini," anasema, kama mtu asiyejua amkasirikie nani.

Wiki ijayo atakifukia, na Hasifa amekubali watumie chake. Kisha Okidi atapima tena.

"Ikibaki mbaya, nitajua si mimi," anasema, akiegemea koleo. "Naomba iwe safi. Lakini ikiwa safi, Ayesha nitamwambia nini?"