Mama Mkwe Mgongoni, Jabali la Manga

Mume wangu Onyancha alilipwa mshahara kwa kupanda mawe. Watu wa kijiji chetu cha Sironga walimcheka mpaka wakachoka: mwanaume mwenye shamba la chai anakwenda Mlima Kenya kung'ang'ania miamba kama tumbili. Alikuwa askari wa hifadhi ya taifa, katika kikosi cha kuwashusha wapanda mlima waliokwama. Mimi nilikuwa nikimtetea hadharani na kumgombeza nyumbani.

Aprili 1974 alikuja likizo na kamba kuukuu ya nailoni, iliyokataliwa kazini kwa kuchakaa. Tukaifungia ng'ombe.

Ijumaa moja ya likizo hiyo mama yangu, Nyamoita, alikuwa akikata nyasi za kuezekea ukingoni mwa jabali la Manga. Udongo ulikuwa umelowa, ukakatika, akaanguka nao. Tulipofika tulimwona chini, kwenye kijukwaa cha jiwe chembamba kama benchi la kanisani, mkono mmoja umevunjika. Chini yake hapakuwa na kitu.

Onyancha aliipitisha ile kamba ya ng'ombe yote vidoleni, inchi kwa inchi. Palipokwaruzika alipatazama sana. Akamwambia mjomba wangu Obwocha na wanaume watano, "Msituvute. Ikisuguana na ukingo itakatika. Kazeni tu ninavyopanda."

Akajifunga kamba kiunoni, akashuka. Alipokaribia, mama akapiga kelele, "Orpah, mwambie mumeo asinikaribie. Heri nianguke."

Msishangae. Kwetu kuna ensoni, heshima yenye aibu ndani yake. Mtu na mama mkwe wake hawagusani wala hawatazamani usoni, na likiwepo neno linapitia kwangu. Miaka tisa ya ndoa yangu hawakuwahi kusemeshana. Lakini siku ile nilikasirika, jamani. Nililala kifudifudi ukingoni nikimlaani kila aliyeileta heshima duniani.

Onyancha alisimama akiuangalia mwamba. Kisha akavua skafu yake, akajifunga macho. "Orpah, mwambie mama sioni kitu. Kule hifadhini hutufundisha kufunga mafundo hivi hivi, gizani."

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia. Mama akasema, "Basi afunge."

Akamfunga mgongoni kwa ncha ya kamba iliyobaki, kama mtoto. Akaanza kupanda, akipapasa. Mkono ulitafuta, ukakosa, ukatafuta tena. Nilitaka kumwelekeza, lakini kutoka juu sikuona miguu yake. Mama peke yake ndiye aliyeiona.

"Mguu wa kulia," mama akasema. "Inua kidogo. Hapo."

Hakusema "mwambie". Obwocha aligeuka akanitazama, nikatazama kwingine.

Wakapanda hivyo, shika hapa, kanyaga pale, mpaka kwenye ufa uliokuwa karibu na ukingo. "Kushoto," mama akasema. Onyancha akasita, kisha akapeleka mguu kushoto. Jiwe likamegeka. Kamba ikakaza ghafla, nikaona nyuzi mbili zikikatika mbele ya macho yangu. Niliomba kwa sauti. Mguu wake ukapata mahali, akasimama, akahema. Mama akamwambia mahali pengine, naye akafuata.

Walipofika juu, wanawake walimfunika mama kwa leso. Onyancha alipofungua skafu, mama alikuwa ameshampa kisogo. Mbuzi alichinjwa kuwatakasa kwa kugusana, wazee wakasema yao, na ukimya ukarudi pale pale.

Mwaka wa 1979 mama akiwa kitandani, hana siku nyingi, aliniita. "Mwambie mumeo, pale kwenye ufa nilikosea. Kulia ndiko kulikokuwa kuzuri. Limenikaa moyoni miaka yote hii. Anisamehe."

Onyancha alikuwa nje akichanja kuni. Nilipomwambia aliweka shoka chini, akakaa juu ya gogo.

"Nilijua," akasema. "Kidole cha mguu kilikuwa kimeshaligusa lile jiwe la kulia. Lakini ningemkatalia, angenyamaza."