Siku Mama Alipoinyamazia Salamu

Nikipita penye nyumba inayopakwa chokaa, mguu wangu wa kushoto husisimka kabla pua haijamaliza kazi yake. Harufu ile ya chokaa mbichi ndiyo harufu ya hogo, plasta ngumu ya kufungia mfupa, likiwa halijakauka. Nilikuwa na miaka tisa, msimu wa korosho, huko Mtunda. Mkorosho wa babu nilikuwa nimeupanda mara nyingi bila hasara, nikaona hata siku ile mambo yatakuwa yale yale, tawi halikuulizwa, likakatika nami juu yake. Baba mdogo alinipakia kwenye baiskeli, mguu umebanwa kwa vipande viwili vya ubao, tukaenda hospitali ambayo sitaitaja. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono ya haraka. Alinifunga hogo, akasema baada ya wiki sita nitaruka kamba. Nilimwamini. Mama naye alimwamini, na mama hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla hajakigeuza upande wa pili.

Sokoni alikuwa na sifa zake. Fungu la dagaa atalihesabu mara mbili, atalinusa, ataondoka hatua tatu na kurudi, mpaka muuzaji aongeze mwenyewe ili apate amani. Tabia hiyo nimeirithi, na ninalaumiwa kwayo. Lakini wodini mdomo ule ulikwenda likizo. Kila asubuhi daktari alipita na faili, macho kwenye karatasi, akauliza, mgonjwa hajambo? Na kwetu salamu haijibiwi kwa shida. Hata nyumba ikiwa inaungua, mtu huanza na njema, ndipo aseme “ila”. Mama alijibu hajambo, alhamdulillahi, anaendelea vizuri, kisha akavuta pumzi ili ailete “ila” yake. Alipomaliza kuivuta, daktari alikuwa ameshaandika kwamba naendelea vizuri, naye ameshafika kitanda cha tatu. Ikawa hivyo siku ya kwanza, ikawa hivyo siku ya pili.

Nami nilikuwa siendelei vizuri. Mguu uliwaka ndani ya hogo kama uliotiwa makaa, kisha ukaacha kuwaka, na huko kuacha ndiko kulikonitisha. Nilihesabu vidole vilivyochungulia nje: vitano. Nikahesabu tena kwa kuvifinya: vitatu viliitika, viwili vilinyamaza. Vilikuwa baridi, vina rangi ya zambarau iliyoiva. Nesi wa zamu nilipomwambia, alinijibu kwamba hogo huuma, nisideke.

Kitanda cha pili alilala Bi Mwanahawa, mama mtu mzima wa visiwa vya delta, aliyechomwa mguu na kisiki cha mkoko. Asubuhi ya tatu alimsikia mama dirishani akigombana na muuza maandazi kwa sababu andazi moja lilikuwa dogo kuliko wenzake. Mama aliporudi, Bi Mwanahawa alikuwa akimngoja.

“Mama Zuhura, kwa andazi umewaita watu washuhudie. Kwa mguu wa mtoto, alhamdulillahi.”

Mama akasema yule ni daktari, bibi, amesoma.

“Kasoma mifupa. Huyu mwanao kamsoma lini? Mficha uchi hazai, mwanangu.”

Mama akainama kitandani kwangu. Alivishika vidole vyangu kimoja kimoja, akarudia, akabaki amesimama pale pale kitandani mpaka daktari alipofika na kuuliza kama mgonjwa hajambo. Mama akanyamaza. Pwani hii, kuinyamazia salamu ya mtu ni jirani na tusi. Wodi nzima iligeuza shingo. Daktari akainua macho kwenye faili, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona sura yangu.

“Mama, si nakusalimu?”

“Nimesikia, daktari. Nitaitika ukishamshika mguu.”

Daktari alimweleza kwamba hogo huuma, ni kawaida, na akamuuliza kwani yeye amesomea udaktari wapi.

“Sikusoma,” mama alisema. “Juzi mguu ulimuuma, jana ukaacha. Vidole viwili ni baridi, havisikii. Kama hiyo ni kawaida, iandike humo kwamba nimekuambia, na uandike jina lako chini.”

Kalamu haikuandika. Daktari aliinama, akanigusa vidole, akauliza ninasikia nini. Nilisema hapa ndiyo, hapa hapana. Akaagiza hogo likatwe pale pale. Nilichokiona ndani sitakieleza. Atakayetaka kukijua nitamvulia kiatu. Mguu ulipona. Vidole viwili vya mwisho havikupona, vikaondolewa. Simlaumu daktari peke yake, ingawa fungu lake la lawama ni kubwa na silipunguzi. Siku mbili tulimjibu kwa adabu, naye akaiandika adabu ile kama ugonjwa umepoa.

Siku hizi mambo si yale. Kliniki anakotibiwa mama presha kuna tangazo la haki za mgonjwa ukutani, na sanduku la maoni lenye kufuli. Nimeuliza mara mbili ufunguo uko kwa nani, wala sijajibiwa. Mwezi uliopita tulimkuta daktari binti, mtaratibu, aliyeweka kalamu chini na kumuuliza mama hali yake. Nikajibu mimi: dawa anameza, usingizi anapata, kula anakula. Nilikuwa na maswali yangu sita tayari, maana niliapa zamani kwamba hakuna koti jeupe litakalotupita tena. Daktari akaandika. Mama akaniwekea mkono gotini.

“Zuhura, ngoja. Kaniuliza mimi.”

Akamweleza yule binti, polepole, kwamba tangu mfungo uishe ameanguka mara mbili, mara moja kisimani, mara moja juu ya msala akiswali. Nyumba tunakaa moja, vidonge vyake navihesabu kila jioni, na katika kuanguka huko sikuwa najua hata kumoja. Daktari akapiga mstari juu ya majibu yangu, akasogeza kiti karibu na mama, akaanza upya.