Noti Moja kwa Watu Watatu

Siku ya mshahara wafanyakazi wangu hunicheka. Kila noti naipeleka kwenye mwanga wa dirisha, nakunjua pembe zake, kisha namwita kila mmoja aje apokee chake mkononi mwake. "Mama, unaogopa nini?" huniuliza. Naogopa pembe ya noti.

Kabla sijawa na kiwanda changu kidogo cha fromaji, yaani jibini, nilikuwa nachemsha maziwa kwa patroni mmoja hapa juu kilimani Kingi. Tulikuwa watatu: mimi, dada mmoja aliyechuja, na mzee aliyekandamiza fromaji na kuzigeuza kwenye mbao. Patroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu wa kuvunja pesa. Mwisho wa mwezi alimkabidhi mzee noti moja ya dola mia. "Mushuke ku senta, muvunje, mugawane."

Mzee akashuka peke yake, maana maziwa hayamngoji mtu.

Mwezi ule sikuwa na utulivu hata kidogo. Mdogo wangu wa kike alikuwa amejifungua kule senta, na kituo cha afya kilikataa kumwachia kabla hajalipa. Yeye mzima, mtoto mzima, lakini wamekaa pale kitandani na deni linanenepa. Fungu langu ndani ya noti ile ndilo lingewatoa.

Jioni ikafika, mzee hakuonekana. Nilichemsha maziwa macho yakiwa barabarani, yakafurika yakazima moto. Asubuhi bado. Nikaenda kwa mke wake, naye hakujua kitu. Simu haikupita. Nikarudi kazini, nikatoka tena, nikarudi.

"Amekula," dada akasema.

"Amekula na mifupa!" nikajibu, wala sikunong'ona. Wafugaji walikuwa wameleta madumu yao ya maziwa, wakasikia wote. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawa namwambia kila anayepita. Kufika mchana kilima kizima kilikuwa kinamwita mzee mwizi, na nilijisikia nafuu.

Ndipo nikamwona mdogo wangu anapanda polepole, mtoto mgongoni.

Nikamkimbilia. "Nani amelipa?"

"Hakuna mwenye alilipa. Ni ule muzee wenu. Bale ba kuvunja pesa bote balikatala noti, iko na mupasuko. Akakuya kwetu ku kituo, akabaachia karte yake ya uchaguzi ikuwe garanti, njo bakaniachilia."

"Na yeye iko wapi?"

"Amebaki ku senta. Bila karte hawezi kupita ku barieri ya basoda."

Akafungua pembe ya kitenge chake, akanipa noti. Mpasuko wenyewe, kwenye pembe, haukuzidi punje ya mchele.

Niliipeleka kwa patroni, nikaiweka mezani mbele yake, sikukaa. Akalalamika kwamba naye aliipata hivyo hivyo kwa mnunuzi wa Goma. Nikamwambia ugomvi wake na mnunuzi ni wake, sisi kazi tumefanya. Akanitazama kidogo, kisha akafungua sanduku na kunihesabia faranga, mafungu matatu. Kumbe faranga alikuwa nazo siku zote! Hasira ilinipanda hadi nikashindwa kumshukuru.

Nilishuka karibu kukimbia. Nikalipa deni, nikachukua kadi. Mzee nilimkuta ameketi mbele ya duka lililofungwa, kofia magotini. Nikampa kadi na fungu lake. Pesa hata hakuihesabu.

"Mutoto analala muzuri?"

"Analala, Papa."

Akaifuta kadi kwa shati, akaitia mfukoni, tukaanza safari ya kurudi. Kwenye barieri waliitazama kadi, wakatupitisha. Tulipoanza kupanda akasimama kupumua, macho yake juu, kule nyumba zinakoanzia.

"Kule kwetu," akauliza, "balisema nimekula?"

"Hapana, Papa," nikasema.