Chuo Kilipofunguliwa Wiki ya Kupanda Mahindi

Viongozi wengi wa vyuo hukosea hapa: hupanga kalenda bila kuwauliza watakaoifuata.

Leo nimekutana mjini Kitale na aliyekuwa mkuu wa chuo chetu cha Bungoma, miaka ya themanini.

Muhula mmoja, nikiwa mwanafunzi wake, nilichelewa kuripoti kwa sababu nilikuwa nyumbani Endebess, nikipanda mahindi na mama. Naibu wake alitaka nifukuzwe.

Mkuu akaniuliza tu, "Nani mwingine yuko shambani?"

"Karibu darasa zima, Mwalimu."

Akaahirisha masomo hadi tumalize kupanda.

Leo nilipomshukuru, mzee alicheka. "Na hayo mahindi, si yalimea?"

"Yalimea, Mwalimu. Ndiyo yaliyonilipia karo."

Unayeongoza chuo, leo muulize mwanafunzi mmoja kinachomchelewesha darasani.